Kitufe Kiko kwa Konda

Mwaka 2018 sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini tuliishika Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo kama shamba la ukoo. Waziri alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela. Naibu wake alikuwa Juliana Shonza, mbunge wa viti maalumu wa Songwe, na Songwe ilikuwa imemegwa Mbeya miaka miwili tu kabla. Halafu Novemba mwaka huohuo Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia wimbo unaoitwa "Mwanza". Kaimba nani? Rayvanny, yaani Raymond Mwakyusa wa hapahapa Mbeya, akiwa na bosi wake Diamond Platnumz. Mwenye wizara wa kwetu, mtuhumiwa wa kwetu. Zamani kesi ya namna hiyo ingeisha chini ya mgomba kule Rungwe: wazee wachache, pombe ya kimpumu kidogo, kijana anakaripiwa, anatoa kuku, watu wanatawanyika. Safari hii ikawa barua yenye mhuri kutoka Dar es Salaam.

Mimi huo wimbo nilikuwa sijausikia. Redio yangu ni ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo; ikianza muziki wa vijana naizima. Lakini walipotangaza tu kwamba wimbo hauna maadili, kabla jua halijazama nilikuwa nimeshausikia kwa fundi viatu wa Sokomatola, kwenye bajaji ya Kabwe, na kwa mtoto wa jirani ambaye mama yake ni mzee wa kanisa. Kila mtu anataka kujua ubaya uko wapi. Wanaurudisha nyuma, wanatega sikio, wanajadiliana. Mahubiri hayajawahi kusikilizwa kwa makini kiasi kile mtaani kwetu.

Desemba wenyewe wakaupiga jukwaani, tena Mwanza kwenyewe. BASATA wakawaka, wakawafungia wote wawili kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi kwa muda usiojulikana. Muda usiojulikana ukaja kujulikana mwezi Januari: baada ya kuomba radhi wakafunguliwa, maisha yakaendelea. Fundi viatu wangu hadi leo anauimba.

Na hili si la Tanzania peke yake. Januari 1984 BBC waliupiga marufuku wimbo wa "Relax" wa kundi la Frankie Goes to Hollywood, nao ukapanda mpaka namba moja Uingereza ukakaa hapo wiki kadhaa. Mwaka uliofuata, kule Marekani, wake za wakubwa akiwemo Tipper Gore, mumewe seneta, walipiga kelele mpaka Seneti ikakaa kusikiliza. Matokeo yake kaseti zikaanza kubandikwa kibandiko cha kuwaonya wazazi. Wazazi sijui kama walikisoma. Vijana walikisoma, wakajua ipi ya kununua.

Wasomaji wangu wa kanisani wasianze kuninyooshea kidole. Matusi yananikera. Mimi ni mtu wa kukereka kwa kawaida, hata sauti ya mashine ya kusaga inanikera, sembuse mtu mzima anayevua nguo kwa maneno hadharani. Kinachonitia shaka ni ule mkono wa kufungia. Unaanza kwenye matusi, ukizoea unahamia kwingine.

Chukueni orodha ya Februari 2018, ile ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwapelekea wenye redio na televisheni ikiwaambia nyimbo hizi zisipigwe. Ilikuwa na "Chura" wa Snura. Sawa, chura yule tulimwona, na hakuwa wa bwawani. Ilikuwa na "Kibamia" wa Roma, ambaye baadaye kidogo naibu waziri wetu alimfungia miezi sita. Haya. Lakini humohumo ndani ilikuwa na "I'm Sorry JK" wa Nikki Mbishi, ambao ni wimbo wa kumwomba radhi Rais mstaafu. Chura, bamia na radhi kwa Kikwete, kapu moja! Nimelima bamia, nimewafukuza vyura mabondeni, na nimewahi kuomba radhi kwa wakubwa. Sikuwahi kudhani ni kosa la aina moja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa Mvomero mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo wa "Wapo". BASATA nao wakaufungia. Kesho yake Mwakyembe, ambaye hata kiti cha wizara kilikuwa hakijapata joto, akaeleza kwamba Rais Magufuli ameupenda, kijana aachiwe, wimbo upigwe, tena aongezee na makundi mengine ya waovu aliyoyasahau. Mnaelewa maana yake? Jumapili wimbo ni hatari kwa taifa, Jumatatu unahitaji beti zaidi. Maneno ni yaleyale. Ningekuwa mimi ndiye karani wa BASATA niliyeandika ile barua ya kufungia, ningeomba likizo.

Mbeya bado tulikuwa na la kwetu zaidi. Mwimbaji wa kufokafoka tuliyekuwa tumempeleka bungeni mara mbili, Joseph Mbilinyi, Sugu, mwezi huohuo wa Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano, kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa hadhara. Hakuimba hata ubeti mmoja. Kwa hiyo mwezi ule redio zilikatazwa nyimbo, na mbunge wetu akawa gerezani, na mabasi yote ya njia ya Tunduma yaliendelea kupiga yalichotaka. Shikeni hapo kwenye mabasi, nitarudi.

Kwanza nimtaje marehemu Remmy Ongala. Enzi zile huku bara redio ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na ikisema hapana basi ni hapana. Yeye na Super Matimila wakatunga "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu kwa sababu ugonjwa ulikuwa unapukutisha vijana. Redio ikaona hauna adabu, haikuupiga. Wakati huo huku kwetu kwenye barabara kuu ya Zambia malori yalikuwa yanalala Makambako, yanalala Mafinga, yanalala Uyole, na madereva hawakuwa wanalala peke yao. Tulizika. Wanaokumbuka Mbeya ya miaka ile wanakumbuka jinsi mafundi seremala walivyofanya kazi usiku. Adabu ya redio ilihifadhiwa vizuri sana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta watu wazima wanaoishi na VVU nchini ni asilimia 4.4; Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Sisemi wimbo mmoja ungetuokoa. Nasema tu kwamba kati ya vitu vyote vilivyokuwa vinapita barabara ile, kilichozuiwa ni wimbo.

Sasa basi.

Mwanangu ameoa Iringa, kwa Wahehe wa Kalenga, nyumbani kwa Mkwawa kwenyewe. Binti ana adabu, na shida yangu inaanzia hapo. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwana ni watu wa kukwepana. Enzi za bibi yangu, mwanamke akimwona baba mkwe anakuja njiani alijitosa migombani mpaka apite. Hawasemeshani, hawali pamoja, hawatazamani. Siku hizi tumelegeza, maana nyumba za kupanga za Soweto hazina migomba ya kujitosea, lakini mipaka ipo. Hatupeani mkono. Nikiingia sebuleni, yeye ghafla ana jambo jikoni.

Ikatokea tumetoka msibani Iringa, mwanangu kabaki na shughuli, ikabidi nirudi Mbeya na mkwe pamoja na mjukuu. Kiti cha watu watatu. Mjukuu tukamweka katikati, yeye ndiye mgomba. Mkwe akakaa upande wa njia, mimi dirishani. Basi likatoka Ipogolo, na konda, kijana wa fulana iliyobana na miwani ya jua ndani ya basi, akachomeka flashi.

Maneno sitayarudia. Nitasema tu kwamba msanii alikuwa anamweleza mwenzake atakayomfanyia, kwa mpangilio, kuanzia mlangoni. Skrini ilikuwa juu ya kichwa cha dereva, spika ilikuwa juu ya kichwa changu. Mabinti wa kwenye video walikuwa wanaoga kwenye bwawa huku wamevaa vito vya thamani na si mengi zaidi. Nikageukia dirisha. Mkwe naye akageukia dirisha la upande wa pili, ambalo kulifikia inabidi uwatazame abiria wawili, nao walikuwa wanatazama skrini. Wanasema Sao Hill ndilo shamba kubwa la miti kuliko yote ya serikali. Naamini. Siku ile nililikagua mti kwa mti.

Mjukuu wangu, ambaye kuhesabu mpaka ishirini anaruka kumi na saba, alikuwa anaitikia kiitikio chote bila kukosea, na DJ akijitaja jina katikati ya wimbo naye anamtaja.

Nikaita, "Konda, mwanangu, hebu tupunguzie."

"Shikamoo mzee," akasema, kwa heshima kabisa. "Ila hiyo siyo ya abiria. Hiyo ya dereva. Akisinzia tukifika mlima wa Inyala, mtanilaumu mimi."

Utajibu nini? Mlima wa Inyala umeua watu, kila mtu ndani ya basi anajua. Kijana kaniwekea mezani maadili upande mmoja na uhai upande wa pili, halafu akaenda zake kudai nauli ya mzigo. Abiria wa nyuma wakanitazama kama mtu anayetaka kuwaua.

Makambako akapanda sista. Konda alipomwona akanyoosha fulana, na sista hakusema neno zaidi ya kumtazama. Flashi ikachomolewa, ikachomekwa nyingine. Kwaya! Nikashukuru Mungu kwa kama dakika tatu. Sauti haikupungua hata nukta moja. Kinanda kilekile, besi ileile inayotikisa vioo, wanakwaya wamepanga mistari mbele ya maua ya bustani ya mtu wakituambia tutubu, kwa nguvu ambayo hata aliyetaka kutubu hawezi kusikia dhambi zake mwenyewe. Ikaenda hivyo Igawa, ikaenda hivyo Chimala. Hapo akapanda mama mmoja na gunia la mchele, akakaa, akavumilia, akashindwa: "Jamani, kwani Mungu kiziwi?"

Konda akakasirika. "Nyie abiria mna nini? Bongo Fleva hamtaki, kwaya hamtaki. Mnataka niwawekee nini, hotuba?"

Tulipokaribia Igurusi mkwe wangu alizungumza kwa mara ya kwanza tangu Iringa. Hakunisemesha mimi, mila ni mila. Alimwinamia mtoto, akasema kwa sauti ya kutosha kunifikia: "Mwambie babu asijisikie vibaya. Bibi yako wa Kalenga kwenye harusi anaimba makali kuliko hayo." Mtoto akanigeukia kunifikishia ujumbe, na konda, ibilisi wa watu, akachagua sekunde hiyohiyo kuzima kwaya. Basi zima likasikia habari za bibi wa Kalenga.

Lakini mkwe alisema kweli, na kwetu Unyakyusa ni hivyohivyo. Monica Wilson, yule mtafiti wa kizungu aliyekaa Rungwe miaka ya 1930 na kitabu chake kikatoka 1957, aliyaona akayaandika: wanawake wazima, wenye heshima zao, kwenye mila za kumtayarisha binti wakiimba na kuigiza mambo ya chumbani bila kupepesa macho. Hao ndio bibi zetu. Msanii wa leo akiingizwa kwenye ngoma ile anatoka amejifunika uso kwa kofia. Ila bibi hakuwa na spika. Alikuwa na mlango, na mlango ulifungwa, na mwanamume akisogea alifukuzwa kwa mwiko. Walioimbiwa walijulikana, sababu ilijulikana, na asubuhi bibi huyohuyo ukimkuta kisimani huwezi kuamini. Nyimbo zilikuwa kali na hakuna aliyeziomba kibali Dar es Salaam, kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kuzisikia akiwa amekaa na baba mkwe kwenye kiti cha watu watatu.

Ndiyo maana mzozo wa BASATA na wasanii unanichosha. Redio ya nyumbani kwangu ina kitufe; nikichukia nazima. YouTube mtu anaitafuta mwenyewe kwa kidole chake na bando lake. Hizo ndizo zinazofukuzwa na barua. Basi halina kitufe cha abiria. Nimelipa nauli, siwezi kushuka porini Nyololo kwa sababu ya kiitikio. Na basi hilohilo serikali inalifuatilia vizuri kweli: mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA, imeweka kifaa cha kufuatilia mwendo, dereva akizidisha kilometa 80 kwa saa kinapiga kelele na taarifa inakwenda. Baraza la mazingira, NEMC, lina kanuni za kelele tangu 2015, na mwaka 2023 lilizifungia baa nyingi kwa kelele. Basi ni baa inayotembea. Tofauti ni kwamba baa, watoto hawaingizwi.

Kenya waliwahi kuikaribia hoja hii ya mahali. Julai 2019 Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkuu wa bodi yao ya filamu, alisema nyimbo za "Wamlambez" na "Tetema" ziishie klabu na baa, watoto wasiimbishwe. Watu walimcheka, na mimi nilicheka, hasa kwa kuwa "Tetema" nao ni wa Rayvanny, kijana wetu wa Mbeya, na nilijisikia ufahari. Lakini kwa habari ya mahali, mzee yule alikuwa na hoja. Angekuja Mwanjelwa, hata hivyo, angekata tamaa. Duka la pembejeo lina spika mbili nje. Saluni ina spika. Anayeuza sumu ya panya anayo. Bajaji ya abiria watatu ina spika ya kutosha mkutano wa kampeni. Klabu iko wapi na mtaa unaanzia wapi, hakuna mtu anayejua.

Mutua huyohuyo mwaka ule bodi yake iliufungia "Takataka" wa Alvindo, wimbo wa mwanamume aliyekataliwa na msichana, naye akaamua kumdhalilisha na kumtishia. Hapo sikucheka. Bamia na chura ni utani wa watu wazima. Mwenye akili anaelewa, asiye nayo anadhani ni kilimo. Lakini kumfundisha kijana kwamba binti akisema hapana ni uchafu wa kutupwa, huo ndio wimbo ambao ningepewa mhuri mmoja tu maishani ningeugonga hapo, kisha nikarudisha mhuri. Nao ubaya wake hauhitaji neno la chumbani. Ndilo linaloniudhi zaidi: wakaguzi wetu wanawinda viungo vya mwili, na ubaya kama huo unapita umevaa suti.

Mwezi uliopita mjukuu alihitimu chekechea. Ndiyo, siku hizi wanahitimu, na joho wanavaa. Wazazi tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mvua ya Mbeya ikinyunyiza kama kawaida yake, mkwe wangu safu ya nyuma na mimi ya mbele, mila imezingatiwa. Mgeni rasmi alikuwa kiongozi mmoja, jina nalihifadhi, mwenye tumbo la heshima na kitambulisho shingoni. Mwalimu akatangaza burudani kutoka kwa wahitimu. Spika ikakohoa, watoto wakapanga mistari miwili, na wimbo uliopigwa ni uleule wa Ipogolo. Walikuwa wamefundishwa. Mikono kiunoni, wanashuka, wanapanda, na wanaimba kwa pamoja kama wanavyoimba wimbo wa taifa. Akina mama wakasimama na vigelegele, noti za elfu moja zikaanza kubandikwa kwenye vipaji vya nyuso.

Mgeni rasmi akainuka kutoka meza kuu, akacheza mpaka kwa watoto, akatuza elfu kumi, akarudi akipangusa jasho. Kisha akashika kipaza sauti akatuhutubia kwa muda mrefu kuhusu mmomonyoko wa maadili: wasanii wa siku hizi, mavazi, simu, wazazi tumejisahau, serikali haitavumilia. Tulipiga makofi. Alipomaliza alimwita yule DJ kwa kidole akamwomba aurudie ule wimbo wa watoto, kwa sababu mara ya kwanza simu yake ilikuwa haijaanza kurekodi.